Namba za Kengele

Mtaa mzima ulimwita Kengele, kwa kuwa kengele ya baiskeli yake ilisikika kabla yeye hajaonekana. Baba yake alipeleka barua kwa miguu, begi begani, njia ikiwa vumbi tupu. Yeye alirithi kazi, akapewa baiskeli, na kwa miaka thelathini na moja akauona mtaa ukimwagiwa kifusi, ukichimbwa mitaro, hatimaye ukitiwa lami. Nyumba hazikuwa na namba. Zote alikuwa nazo kichwani.

Siku hizi barua ni za kutafuta kwa tochi, vifurushi ndivyo tele, na wanaovileta ni watu wa pikipiki wasiojua nani anakaa wapi. Kwa hiyo, mwezi wake wa mwisho kazini, mkuu wa posta alimkabidhi kopo la rangi, akamwambia azipe nyumba namba kwa mpangilio. Kengele akaifanya kazi kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba mpangilio alioujua ulikuwa mmoja tu, wa mzunguko wake. Moja akampa fundi cherehani, maana hapo ndipo alipoanzia mzunguko kila siku, kwa kunywa maji. Mbili ikavuka barabara, tatu ikarudi. Jirani wa fundi, mwenye mbwa mkali, akapata themanini na nne, kwa kuwa mbwa yule hulala mchana na Kengele alizoea kumwachia zamu ya mwisho.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkuu wa posta hakucheka. Alisema atalifikiria, kisha atamwandikia kama namba zibaki au zifutwe zote. Kengele akakosa raha. Kustaafu hakukumsumbua, ila kuona kazi yake ya mwisho ikifutwa kwa tambara mbele ya majirani kungemuuma sana, na alimwambia mkewe hivyo bila kuficha. Mkewe akamjibu kuwa angalau mbwa ameridhika.

Siku tatu zikapita, barua haikuja. Kengele akashinda kibarazani akichungulia barabara. Hakuwahi kujua kuwa kusubiri kunachosha kuliko kukanyaga baiskeli.

Siku ya tano, dada mmoja wa pikipiki alisimama nje, bahasha mkononi, jasho likimtoka. Bahasha ilikuwa na jina kamili la Kengele, ambalo mtaani hakuna aliyelijua isipokuwa fundi cherehani, aliyewahi kulidarizi kwenye sare yake.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Nimefuata namba zako kuanzia moja mpaka themanini na nne. Hii nyumba haimo, ikabidi nirudi kwa fundi kuuliza jina, ndiye kanielekeza."

Kengele akageuka kuutazama mlango wake. Ulikuwa mtupu. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kujipelekea barua.

Aliifungua papo hapo. Namba zibaki, mkuu aliandika, na mwanzo wa mtaa litawekwa bango la ramani kwa ajili ya wageni. Watu wa pikipiki sasa wanamaliza vifurushi kabla ya saa nane mchana, na hakuna aliyeng'atwa.

Mkewe alikuwa ameshaleta kopo la rangi. Kengele akaandika themanini na tano, mlangoni pake, pembeni kabisa ya nyumba namba kumi na mbili. Halafu akaingia ndani kumletea yule dada maji ya kunywa.