Bima ya Hadubini

Mwaka 2006 Mwalimu Anold, aliyefundisha baiolojia Mtwara, alishinda mnada wa mtandaoni: hadubini kuukuu kwa dola tisa. Muuzaji akaongeza dola thelathini za kufungasha na kumi na mbili za bima. Anold akalipa kwa kadi ya shemeji yake.

Baada ya miezi mitatu akachukua posta boksi lililobonyea. Lenzi kubwa ilikuwa imepasuka. Akaenda internet kafe kudai bima. Muuzaji akajibu, “Bima ile ilinilinda mimi, si wewe.”

“Mwandikie tena, mwalimu,” alisema Hafsa, mwenye kafe.

“Nimechoka, dada. Kila barua nailipia saa nzima hapa kwako.”

Kesho yake darasani alichomoa lenzi ndogo iliyopona, wanafunzi wakapokezana kuitumia kutazama utando wa kitunguu. Anold alikaa mlangoni, akawaacha wabishane kuhusu walichokiona.