Niliwaandikia watoto insha ubaoni hapa Toronto, Neema akakosa nafasi yake

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mzee wa kidato cha nne tu, na haya yamenipata mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na pale panaponiaibisha nimepaacha palivyo.

Kanisani kwetu, huku Dixon Road, kuna darasa la Jumamosi la kuwasaidia watoto homework. Kwa kuwa nimestaafu, nikapewa wanne wa grade ten.

Shule iliwapa essay ya kueleza jinsi usafiri wa basi unavyogusa maisha ya mtaani kwao. Si hadithi, si mabishano. Unaeleza jambo mpaka asiyelijua alielewe.

Nikafundisha nilivyofundishwa. Nikaandika ubaoni: utangulizi, hoja tatu, hitimisho.

Hadi hapo sikukosea. Lakini nikaendelea, nikajaza kila hoja kwa sentensi zangu, nao wakanakili.

Enzi zetu hiyo ndiyo ilikuwa shule. Aliyenakili safi bila kuruka mstari ndiye aliyesifiwa.

Neema peke yake aliinua mkono. Mama yake ni nesi, zamu za usiku.

"Babu, my mum misses every school meeting kwa sababu ya basi. Naweza kuweka hiyo?"

Nikamjibu, "Hayo ni mambo ya nyumbani, mjukuu wangu. Essay inataka hoja."

Akafuta alichokuwa ameanza kuandika. Mwenzake akamtania, "Babu amemkataa mama yako!" Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Sasa mjue kwamba Neema alikuwa akiwania kozi ya likizo kwenye chuo kikuu, kule karibu na mtaa wa Jane and Finch. Mwalimu wake wa English ndiye angempendekeza, na essay hii ndiyo angeitazama.

Mwalimu akapokea essay nne zenye sentensi zilezile. Wote sifuri. Huku hiyo ni cheating, hata kama mtoto amemtii mkubwa tu.

Mama Neema akanipigia simu. "Baba, mtoto anasema wewe ndiye uliyewaandikia. Shule hawamwamini. Nakuomba uende ukaseme."

Nikasema nitakwenda.

Sikwenda, wakuu. Niliona haya kusimama mbele ya mwalimu wa umri wa mwanangu, na Kiingereza changu cha kuokoteza. Leo theluji, kesho mgongo, keshokutwa nikajiambia mambo yatakuwa yameshaisha.

Nilipojikokota kwenda, mwalimu hakunifokea. Aliniuliza tu, wale watoto wenyewe walitaka kusema nini?

Nilijua la Neema peke yake, kwa sababu ndilo nililolifuta. Nikamweleza habari ya mama yake na basi.

Akasema, "That was the essay."

Wakaruhusiwa kuandika upya, darasani, mbele yake. Neema akaeleza habari ya mama yake na akafaulu vizuri sana.

Lakini majina ya kozi yalikuwa yameshapelekwa. Ningekwenda siku ile niliyopigiwa simu, lake lingekuwemo.

Siku hizi ubaoni naandika swali tu. Kila mtoto ananieleza kwa mdomo anachokijua yeye, hata kwa Kiingereza. Kisha anachagua hoja zake, na kila hoja anaipa mfano alioushuhudia. Utangulizi tunauacha mpaka ajue anatanguliza nini.

Funzo nililopata ni kwamba kosa la kufundisha lilirekebishika. Lililomgharimu mtoto ni kimya changu, maana nililinda heshima yangu kwa gharama ya nafasi yake.

Nimemwomba Neema radhi. Alisema, "It's okay, Babu," huku akitazama simu yake. Tangu hapo Jumamosi haji, na mama yake hamlazimishi.

Walimu na wazazi mliomo humu, mngemwendea vipi mtoto huyu? Au nimwache? Anayetaka kunisema, aniseme. Nitasoma yote.