Mpunga, Mchele na Alama Moja

Miaka ile ya hamsini, mtoto aliyemaliza darasa la nne pale kwetu Ifakara alikuwa na njia mbili: kurudi shambani au kwenda shule ya kati. Shule ya kati ya karibu ilikuwa ng'ambo ya Mto Kilombero, kwenye miinuko ya upande wa Mahenge, nayo ilichukua watoto wachache kutoka kila shule. Hao wachache walipatikana kwa mtihani. Karatasi zilikuja kutoka jimboni zimefungwa kwa lakiri, maswali yaleyale kwa mtoto wa Ifakara na kwa mtoto wa nchi kavu ambaye hajawahi kuona mto, na alama ndizo zilizosema nani avuke.

Wapo waliouchukia mtihani ule. Mimi niliupenda na hadi leo nautetea, ingawa shule yenyewe niliiacha mapema na maisha yangu yamepita zaidi barabarani kuliko nyumbani. Kabla yake, nafasi zilikwenda kwa mtoto wa jumbe, kwa mtoto wa katekista, na kwa mtoto wa yeyote aliyempelekea mwalimu jogoo. Mtihani haukula jogoo.

Aliyeutegemea kuliko sisi sote alikuwa mtoto wa mjomba wangu. Tulikaa dawati moja, na kwa kuwa ni watani, hatukuwa na mazungumzo yasiyo na matusi ndani yake. Baba yake alikuwa mvuvi, mtu ambaye kanisani alionekana Krismasi na Pasaka, kwa hiyo hakuna mkubwa ambaye angemsemea. Mwanawe alitaka kuwa dresa, yule mtu wa hospitali anayesafisha vidonda na kufunga bandeji. Hospitali haikumchukua asiyepita shule ya kati. Alilijua hilo, na alisoma kama mtu anayefukuzwa.

Karatasi ya hesabu ilikuwa na swali hili: mkulima alivuna madebe sita ya mpunga, akatwanga, akauza madebe mawili ya mchele, je, amebakiwa na madebe mangapi? Niliandika manne nikaendelea mbele. Tulipotoka nje nikasikia karibu darasa zima wameandika moja. Mtu wa bonde letu haulizwi mara mbili jambo hilo. Madebe sita ya mpunga ukiyatia kinuni unapata matatu ya mchele, mengine ni pumba. Ukiuza mawili, linabaki moja.

Mtoto wa mjomba alinicheka njia yote hadi nyumbani Katindiuka. Akasema atamwambia mama yangu kwamba amezaa mtu asiyejua kinachotoka kinuni, na kwamba nikioa, mke wangu ataficha mchele mbele ya macho yangu na mimi nitabaki nahesabu pumba. Nilimwacha acheke.

Majibu yalipokuja, kicheko kilikwisha. Nafasi zote zilikuwa zimejaa isipokuwa moja, na waliokuwa wakiigombea ni sisi wawili. Nilimzidi alama moja. Mwalimu wetu, kijana kutoka upande wa Singida aliyelelewa kwa uwele na mtama, aliturudisha kwenye maswali yote, na alipofika kwenye lile la mkulima akasema jibu ni manne. Darasa likaguna. Mtoto wa mjomba akasimama.

"Mwalimu, mpunga ukitwangwa unapungua."

"Swali halikusema umepungua."

"Halikusema kwa sababu unapungua wenyewe."

Mwalimu alimpenda, na nadhani siku ile alimpenda zaidi, lakini hakuwa na la kufanya. Alitueleza kwamba padre mkuu wa shule ya kati atakuja kutuona, na kwamba wale waliokaribiana alama huulizwa tena kwa mdomo na kupimwa kwa majibu yaleyale ya jimboni. Kisha akamvuta pembeni mwenzangu, nami nilikuwa karibu nikasikia. Alimwambia akiulizwa habari za mpunga aseme manne, afunge mdomo.

Padre alivuka mto akaja, mzungu mrefu mwenye ndevu, kanzu yake ina tope hadi magotini. Tulimsalimu Tumsifu Yesu Kristo, akaitikia, akaketi kwenye kiti cha mwalimu na karatasi zetu mkononi. Alituuliza swali lilelile. Nikajibu manne. Mtoto wa mjomba alimtazama mwalimu, akatazama chini, kisha akasema moja, na akaeleza kwa utaratibu habari ya kinu, ungo na pumba.

Padre alimsikiliza hadi mwisho. Akanigeukia mimi.

"Na wewe, kwenu hamtwangi?"

"Tunatwanga, Padre. Lakini aliyeuliza hatwangi."

Alicheka, kisha akatueleza jambo ambalo sijalisahau. Maswali yale yaliandikwa kwanza kwa Kiingereza ndipo yakageuzwa Kiswahili, na kwa Kiingereza mpunga, mchele na wali vyote vina neno moja tu. Mtunzi alikuwa na neno moja, akatoa mawili kutoka sita, basi. Mtoto wa mjomba alisahau kabisa kwamba anaulizwa.

"Sasa, Padre, huko kwao mtu akiambiwa leta, analeta kipi?"

Hata mwalimu alicheka. Nilidhani kwa swali lile amepata nafasi, na nilikuwa tayari kumpisha kwa matusi machache tu. Lakini padre alikunja karatasi akamwambia kwa upole: "Jibu lako ni la kweli, mwanangu, na alama siwezi kuongeza. Nikiongeza yako leo, kesho jumbe atakuja na ya mwanawe."

Nafasi nikapata mimi. Wengi kijijini walisema padre kakosea. Mimi nasema alifanya lile moja lililoweza kumlinda mtoto wa mvuvi dhidi ya watoto wa wakubwa, hata kama siku hiyo lilimuumiza yeye mwenyewe. Mwalimu alimruhusu arudie darasa, na mjomba, badala ya kumpeleka mtoni, akamwacha arudie.

Mwaka uliofuata alikuja shule ya kati akiwa na alama za juu kuliko wote wa bonde. Nilimpokea bwenini nikamuuliza kama safari hii waliulizwa habari za mpunga. Akasema hapana, waliulizwa habari za ng'ombe, maziwa na siagi, vitu ambavyo nyumbani kwao havijulikani.

"Ukajibu nini?"

"Nilijiuliza kwanza aliyeuliza anakula nini. Ndipo nikaandika."

Mimi sikukaa. Nilitaka kujua malori ya pamba yaliyopita karibu na shule yanakwenda wapi yakitoka pale, na kabla mwaka haujaisha nilikwenda kuangalia. Mtoto wa mjomba alinisindikiza hadi barabarani akinitukana, akisema nimemnyima nafasi mwaka mzima ili nije kuitupa. Ndipo ikagongwa kengele ya kipindi cha hesabu. Akakimbia darasani bila kuaga.