Leso Kuukuu kwa Mtoto Aliye Vitani

Nakumbuka asubuhi moja ya manyunyu nilipokaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamwandikia mama yangu barua ya kumwomba leso za kujifunga zilizochakaa. Nilikuwa kusini mwa Sudan, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili kabla bunduki hazijanyamaza. Nilikuwa muuguzi kijana wa kuzalisha akina mama, nimejitolea kupitia kanisa. Mshahara haukuwepo. Nilipewa chakula na hema, na usinicheke, mwanangu, niliona vinatosha.

Vitu vya nyumbani vilinifikia kwa njia ndefu. Mama alikuwa Bungoma. Alikwenda hadi Kitale, akaacha mzigo kwa Njoroge, mtaa wa Tuwan. Njoroge alikuwa dereva wa lori, mtu wa kanisa letu, aliyepeleka mahindi mpaka mpakani kupitia Lodwar. Kutoka hapo ndege ndogo ilinibebea mzigo wangu, kama nafasi ilikuwepo na rubani ameamka na roho nzuri. Barua zangu zilirudi kwa njia hiyo hiyo. Mimi nilimwomba mama sabuni ya mche, chumvi, majani chai, sindano na uzi. Yeye aliniandikia mahindi yamefika wapi na nani ameoa.

Vita sikumwandikia. Siku ndege ya mabomu ilipopita juu yetu tukalala mtaroni, nilimwandikia kwamba mvua ya huku ni nzuri.

Basi asubuhi ile niliandika hivi: "Mama, nitumie leso kuukuu, zile laini zilizochoka kufuliwa. Nyingi uwezavyo." Za nini, sikusema. Ukweli ni kwamba watoto walikuwa wakizaliwa nami sina cha kuwafunga. Nguo zote tulizokuwa nazo zilikuwa zimepasuliwa kuwa bandeji, kwa hiyo watoto tuliwalaza kwenye magunia ya unga. Niliona nikimwambia mama jambo hilo hatapata usingizi.

Kwetu barua inayotoka ng'ambo haisomwi na mtu mmoja. Inapelekwa kanisani, inasomwa kwa sauti, na kila mtu anaipokea kama yake. Akina mama walipoisikia ile yangu walitazamana.

"Ati leso za zamani?" mmoja wao akasema. "Mtoto wetu ako vitani, sisi tumtumie matambara? Si watu wa huko watasema ametoka kwa watu maskini, bana!"

Usiwahukumu haraka. Mtu wa kwetu atakopa sukari kwa jirani ili mgeni wake anywe chai tamu. Kumpa aliye mbali kitu kilichochoka ni aibu, na aibu hiyo tunailea tangu utotoni. Wakachangishana, wakaenda sokoni wakiimba, wakanunua. Mzigo ulipofika nilikuta leso mpya zenye maua mekundu, bado zina ugumu wa dukani, seti ya vikombe ambavyo baadhi vilivunjika njiani, na saa ya ukutani. Saa ya ukutani, mwanangu! Mimi naishi kwenye hema.

Nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuangalia kuna nini. Kicheko hakikudumu.

Wiki hiyo hiyo alikuja Nyandeng, msichana mdogo kuliko wewe, amekimbia kijijini kwao kulipochomwa. Alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike, mdogo sana, ngozi yake nyembamba hata kumshika unaogopa. Kwa mtoto kama huyo dawa ya kwanza ni joto. Akae kifuani kwa mama yake, mkavu, afunikwe na nguo laini inayonyonya maji, na ibadilishwe kila inapolowa. Leso mpya hainyonyi maji, yanateleza tu juu yake. Nilizifua, nikazifua tena kulainisha, lakini mvua haikutoa nafasi ya kuzianika. Nilipasua shuka langu. Nikapasua gauni langu la kulalia. Vyote vikalowa. Mimi na Nyandeng tukampokezana yule mtoto, kifua hadi kifua, mpaka asubuhi moja niliponyoosha mikono kumpokea nikamkuta amepoa.

Nililia mbele ya mgonjwa, jambo tulilofundishwa tusilifanye kamwe.

Nyandeng hakulia. Aliniomba leso moja katika zile mpya. Akamfunga mtoto wake taratibu, akayapanga yale maua yakae vizuri kifuani, kisha akasema kwamba mwanawe hajawahi kuwa na kitu kipya. Tukamzika nayo.

Siku hiyo nilimwandikia mama kila kitu. Magunia, mtaro, Nyandeng, maua. Na barua hiyo pia, kwa kuwa ndiyo desturi, mama aliipeleka kanisani ikasomwa.

Kuanzia jioni ile wale wanawake wa kanisa wakaanza kuja kwa mama, mmoja mmoja. Kila mmoja amebeba kikapu cha sukuma wiki, na chini ya sukuma wiki kuna leso. Walizificha ili jirani asione jinsi nguo za nyumba yake zilivyochakaa. Nyingine zilikuwa nyembamba kiasi kwamba ukiweka mkono nyuma yake unauona. Mama alizifua zote, akatia juu yake ile aliyonibebea mgongoni nilipokuwa mchanga, akalifunga gunia. Njoroge hakulipakia nyuma na mahindi. Aliliweka kwenye kiti karibu naye, na kule mpakani alimwambia rubani, "Hii ndiyo ya kwanza kupanda. Sista anangoja."

Leso zile zilifunga watoto mpaka zikaisha kabisa. Wengi wao waliishi.

Amani ilipokuja nilirudi. Bungoma walinipokea kwa nyimbo, kuku akachinjwa, mimi nikaombewa mpaka magoti yakauma. Wageni walipoondoka mama aliniita jikoni. Hakuwa akitabasamu.

"Nafula, hawa wamama niliwasamehe kitambo. Walitaka uonekane mtu. Lakini wewe, ulinificha kwa nini?"

"Sikutaka uogope, mama."

"Niogope?" Aliweka chini sufuria aliyokuwa akisugua. "Niliogopa tangu siku ile umepanda lori. Kila siku niliogopa. Sasa ulinipunguzia nini?"

Akaishika leso aliyojifunga kiunoni.

"Ungeandika tu hivi, mtoto analala kwa gunia. Hii yenye nimevaa ningeitoa hapo hapo barabarani, watu wote wakiniona."

Mama yangu ameshalala, Mungu amrehemu.

Sasa wewe unafunga sanduku kwenda ugenini kwa watu. Una simu mkononi, hungoji lori wala rubani, na bado najua mama yako akikuuliza utamjibu, "Niko sawa." Mwanangu, ukihitaji kitu sema, na useme ni cha nini, hata kama kinakuaibisha. Usimchagulie mzazi wako ukweli anaoweza kuubeba. Na atakapokuja mtu kukuomba wewe, mpe alichoomba. Usimpe kinachokupendeza wewe, wala kinachokufanya uonekane mkarimu mbele ya watu. Kama ni kikuukuu ndicho anachotaka, kitoe mchana, usikifiche chini ya mboga. Kama huelewi anakitakia nini, muulize kabla hujaingia dukani.

Hayo tu ndiyo niliyokuwa nayo moyoni. Nakuombea njia nyoofu na majirani wema. Nakuombea ulimi usioogopa kusema shida yake, na sikio la kusikia ya mwenzako. Mungu akutangulie huko uendako, na siku ya kurudi ikifika akufikishe mlangoni kwa mama yako ukiwa mzima.