Siku Gari la Maiti Lilipopisha

Mwanangu, kosa langu kubwa la kwanza barabarani nililifanya nikiwa nimechana nywele, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na nimefunga tawi la majani mbele ya pikipiki yangu. Niliizuia ambulensi. Sikuwa nimelewa, na sheria niliijua. Niliizuia kwa sababu nilikuwa nimepewa kazi, na nilitaka kazi hiyo iishe bila doa.

Najua nasaha ni za wenye mvi. Mimi nina miaka thelathini, na mama yako anadai nina mvi mbili kisogoni ambazo sijakubali kuziona. Lakini wewe bado unatambaa, na ukifika umri wa kushika usukani huenda nitakuwa nimeanza kujisimulia vizuri kuliko nilivyokuwa. Afadhali uyapate sasa, yakiwa bado yanauma.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nabeba abiria kwa bodaboda kutoka steji yetu ya Obunga, mtaa wa mjini. Wenzangu waliniita Rula. Nilikuwa nikifika asubuhi nazipanga pikipiki zote zielekee upande mmoja, magurudumu ya mbele sawasawa, na mtu akiegesha yake vibaya nilikuwa sikai kwa amani hadi niirekebishe. Walicheka sana. "Rula, njoo unipangie na ndevu," Otis aliniambia siku moja mbele ya abiria. Ouma peke yake hakunicheka. Ndiye aliyenifundisha kushika klachi, akanipa helmeti yangu ya kwanza, na nikianguka alikuwa haniulizi kama pikipiki imevunjika kabla ya kuniuliza kama mimi nimevunjika.

Ouma aliugua malaria wiki moja, akafariki.

Huku kwetu mtu wa boda akifariki, wenzake hawamwachi aende nyumbani kimya. Tunamchukua mochari, tunafunga matawi kwenye pikipiki, tunapiga honi mji mzima mpaka kwao. Na msafara ukishaanza, hakuna gari linaloruhusiwa kumpita marehemu. Hakuna mtu aliyeiandika kanuni hiyo. Tuliikuta, tukaiona ni heshima, tukaishika.

Asubuhi ya safari mwenyekiti wa steji aliita majina. Wa mbele watakuwa fulani na fulani. Kisha akanitazama.

"Rula, wewe utafunga nyuma. Mtu asipite. Umenisikia? Hata mmoja."

"Hata mmoja," nikasema.

Mwanangu, nilijisikia mkubwa. Watu waliokuwa wakinicheka sasa walikuwa wananikabidhi Ouma.

Tulitoka mjini pikipiki zaidi ya arobaini, gari la maiti likiwa katikati, mama yake Ouma ameketi ndani kando ya jeneza. Tulipofika Kisian tukaingia barabara ya Bondo, ziwa likiwa upande wa kushoto. Barabara ile ni nyembamba. Nyuma kabisa nilikuwa mimi na Otis na wengine wanne, tumejitandaza kutoka ukingo hadi ukingo, umbali kati yetu sawasawa. Nilikuwa naupima kwa macho. Magari madogo yalikuja, yakaona matawi, yakapunguza mwendo. Nilikuwa nafanya kazi nzuri.

Ndipo nikasikia king'ora nyuma yangu.

Ni lazima uelewe kwamba kwetu hata gari la maiti lina king'ora. Wikendi unaweza kukutana na misafara mitatu kwenye barabara moja, kila mmoja unalia kuliko mwenzake. Kwa hiyo mwanzoni nilidhani ni maiti ya watu wengine wanaotaka kutupita. Nikabana zaidi. Laiti ningeweza kuishia hapo, nikwambie kwamba sikujua. Lakini nilitazama kioo cha pembeni, nikaona taa nyekundu na mstari wa rangi ubavuni. Niliiona vizuri. Nilijua ni ambulensi.

"Otis," nikapaza sauti, "ni ambulensi."

"Inatoka mjini, iko tupu hiyo! Mgonjwa huenda mjini, hatoki mjini. Dereva anakimbilia chakula Kombewa."

Wenzetu wakacheka. Nami, ambaye nilikuwa nahesabu hata upana wa nafasi kati ya pikipiki na pikipiki, sikufikiria kwamba gari linalokwenda kumchukua mgonjwa lazima liende tupu. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Vijana! Kuna mama ananingoja huko mbele! Nipisheni!"

Nilimjibu, na maneno hayo nimekaa nayo miaka minane. Nilisema, "Na sisi tuna wetu. Ngoja."

Akangoja. Angefanya nini? Kilomita moja, ikawa ya pili. King'ora kikilia mgongoni mwangu, nami natazama mbele, shati langu jeupe, mstari wetu umenyooka.

Mbele, gari la maiti likasimama.

Msafara ukajikunja wote. Honi zikakatika moja moja. Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka Mama Ouma. Alikuwa mwanamke mfupi, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwenye sauti iliyozoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya soko. Dereva wa gari la maiti alishuka pia, anamfuata mbio.

"Mama, maiti haisimamishwi njiani. Si vizuri."

"Ni maiti ya nani?"

"Yako, Mama."

"Basi pandisha gari kwenye nyasi. Weka mwanangu kando."

Yule bwana akarudi kwenye usukani. Gari la maiti likainama upande mmoja likaingia kwenye nyasi, jeneza ndani. Nilisikia watu wakiguna. Mama Ouma hakugeuka. Alikuja anatembea katikati ya barabara, anapita pikipiki moja baada ya nyingine, na kila aliyemfikia alikuwa ameshajisogeza.

"Nani ndiye mwenye kufunga nyuma?"

Wote wakanitazama. Otis naye akanitazama.

"Ni mimi, Mama."

"Wewe ndiye Rula. Ouma alikuwa akinisimulia habari zako." Sauti yake haikuwa kali, na hilo ndilo lililonimaliza. "Unamlinda Ouma asipitwe na nani?"

Dereva wa ambulensi akarudia dirishani kwamba kuna mama anamngoja.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu, kwa lugha yetu. "Ouma hachelewi tena. Hakuna anakotakiwa. Huyo mama anayefuatwa na gari hili anatakiwa na watoto wake. Unataka tumalize kumzika Ouma, tusikie kuna kaburi lingine, na sisi ndio tuliolichimba tukipiga honi?"

Nilisukuma pikipiki yangu kando. Nilishindwa hata kuisimamisha kwa stendi, ikaanguka kwenye mtaro, tawi na yote. Ambulensi ikapita. Dereva hakunitazama. Ningependa angenitukana.

Jumatatu nilikwenda kuulizia. Niliuliza njia mpaka nikakipata kituo cha afya ambako gari lilikwenda, upande wa ziwani kupita Kombewa, nikamkuta nesi anakunja mashuka. Nilimweleza kila kitu, na nikamtajia dakika nilizokuwa nimezihesabu kichwani: saba, labda nane. Aliniambia yule mama alikuwa amejifungua na damu ikakataa kukata. Alifikishwa mjini. Alikuwa hai, mtoto yuko kwa nyanya yake.

"Dakika zangu zilimdhuru?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Lakini kama wangefika mapema, labda..."

"Kijana, unataka nikupimie kosa lako kwa kijiko, uende nyumbani ukijua ni vijiko vingapi?" Akaendelea kukunja. "Sijui, na wewe hutajua. Rudi kazini. Na siku nyingine pisha."

Hilo, mwanangu, ndilo gumu kwa mtu kama mimi. Nilitaka nijue kiasi. Hakuna aliyenipa kiasi. Nimeishi nalo hivyo hivyo, bila namba.

Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kusoma sikuacha. Nilitafuta kitabu cha sheria za barabarani, kilichochanika jalada, nikakisoma kama mtu anayetafuta jina lake. Nikakiri kwangu mwenyewe mambo mengine pia. Kwamba nilikuwa na tabia ya kuifuata ambulensi kwa nyuma, ikifungua njia nami nachomoka nayo, najiona mjanja. Kwamba wakati mwingine nilipiga honi nyingi hata nisisikie kingine chochote. Nikaanza kusema stejini kwamba ambulensi ipishwe, hata tukiwa na maiti. Wakanipokea kwa dhihaka.

"Rula amekuwa pasta."

"Sasa tutapisha hata gari la mkate?"

Otis, ambaye nilimtarajia awe wa kwanza kucheka, aliendelea kufuta pikipiki yake. Siku ya tatu ndiye aliyesema, "Omera, ndugu zangu, mwacheni aseme. Mimi ndiye nilisema iko tupu."

Tukakubaliana jambo moja tu, jepesi. Anayekaa nyuma ya msafara hafungi tena njia. Tulimpa jina, Sikio. Sikio hapigi honi. Hawashi redio, havai vitu vya masikioni. Akisikia king'ora anatazama kioo, na ikiwa ni ambulensi au gari la zimamoto, anainua mkono wa kulia juu kabisa. Aliye mbele yake akiuona kwenye kioo anainua wake, na mwingine, mpaka wa kwanza. Wote wanaingia kushoto na kusimama, gari la maiti nalo. Likipita, tunangoja kidogo, maana huenda kuna la pili. Na hakuna anayelifuata nyuma. Miezi ya kwanza tuliharibu sana. Mara mkono unapotelea katikati, mara mtu anaingia kulia. Nilikuwa nakasirika, nataka iwe kamili. Otis akaniambia, "Rula, tumeshasimama, tumeshapisha. Mstari umepinda, sawa, basi upinde."

Wenzetu wa steji za jirani wakatuiga. Wengine waliongeza yao.

Mwaka huu Mama Ouma amefariki, uzee tu, nyumbani kwa binti yake mjini. Steji nzima ilikwenda kumchukua. Vijana waliokuwa hawajazaliwa kwenye boda wakati wa Ouma walifunga matawi. Mwenyekiti wa sasa, ambaye ni Otis, akaniambia nikae mbele kwa heshima. Nikamwambia naomba nyuma.

Baada ya Kisian, karibu kabisa na mahali pale, nikasikia king'ora.

Niliinua mkono. Sikupaza sauti kuuliza kama umepokelewa, na kwa mtu wa aina yangu hiyo ni kazi nzito. Nikaona mikono inaota mbele yangu, mmoja baada ya mwingine, ikienda mbali hadi pale barabara inapopinda. Honi zikanyamaza. Pikipiki zaidi ya sitini ziliingia kwenye nyasi. Gari la maiti likaingia pia, na Mama Ouma ndani yake akainama upande uleule aliomwinamisha mwanawe. Ambulensi ilipita kando yetu bila kupunguza mwendo. Wanawake waliokuwa wakilima kando ya barabara waliacha majembe wakatutazama. Mmoja akauliza kwa sauti, "Hawa ni akina nani?" Kijana mmoja wetu akamjibu, kifua mbele, "Watoto wa Mama Ouma."

Nililia, mwanangu. Nililia kwa fahari, mbele za watu, na sikujali kwamba shati langu lilikuwa na vumbi.

Sasa sikiliza nasaha yangu. Ukisikia king'ora, usianze kukisia kama gari lina mtu au halina. Hiyo si kazi yako. Kazi yako ni kupisha. Sogea kushoto, simama, acha lipite, usilifuate. Na ukipewa kazi na watu unaowapenda, ifanye vizuri, lakini uache nafasi ya kusikia, kwa maana mtu anaweza kufanya kazi yake bila kosa hata moja na bado akamkosea binadamu mwenzake. Ukikosea, nenda ukaulize. Ukikosa jibu, anza kurekebisha bila jibu.

Mungu akupe macho ya kuona nyuma unapokwenda mbele. Akupe mama kama yule wa kukusimamisha mapema. Na siku wewe ndiye utakayekuwa unangojwa, au unayengoja, barabara ikufungukie mpaka mwisho.

Zamani nilikaa nyuma ya msafara ili mtu asipite. Siku hizi nakaa nyuma ili nimsikie anayetaka kupita.