Daktari Hakusema Tutembee

Mgeni akinifikia hapa Durban na mfuko mtupu, swali lake la kwanza huwa moja: iko nini ya kuona bila kulipa? Majibu yote ninayo. Ninayajua kuliko watu waliozaliwa hapa, ambao Jumapili yao ni kuchoma nyama na kulala. Nilijifunza kwa wiki tatu, mwaka ule wa tisini na nane, nikimtembeza mama yangu aliyekuwa anakufa, huku nikimwambia anapona.

Mama alitoka Bukavu kwa basi juu ya basi, siku kumi na moja njiani, kwa sababu tumbo lilikuwa limemvimba na hospitali ya kwetu ilikuwa imebaki kuta. Mimi nilikuwa nasuka nywele katika saluni ya mjini, nimepanga chumba kimoja karibu na bandari. Alifika amekonda, na mfuko wa sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Aliona aibu kuja mikono mitupu kwa mtoto wake mwenyewe.

Nikampeleka hospitali ya serikali. Walimpiga picha, wakamtoa damu, tukarudi mara tatu. Mara ya tatu daktari kijana alituketisha, akasema Kiingereza polepole, akinitazama mimi kwa kuwa mama hakukijua. Ilikuwa kansa ya ini, na imeshakwenda mbali. Hakuna cha kukata wala cha kuchoma sindano. Miezi michache. Kama mama ana watu kwao, akasema, sasa ndio wakati wa kwenda kwao, miguu ingali inambeba.

Mama akanigeukia. "Anasema nini?"

Kwetu mgonjwa haambiwi. Habari kama hiyo wanapewa watu wake, wanakaa nayo wao. Bibi yangu alikufa akijua ana malaria, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomwambia hivyo. Kwa hiyo sikufikiri hata kidogo. "Anasema ni vidonda vya tumbo," nikamjibu. "Utakunywa vidonge. Na utembee, upate hewa ya bahari, usishinde umelala."

Hayo ya kutembea yalitoka wapi, sijui. Vidonge vyenyewe vilikuwa vya kutuliza maumivu tu, na nadhani niliona haya kumpa hivyo peke yake. Daktari alimwona mama anaitikia kwa kichwa, akadhani nimetafsiri vizuri, akampa mkono.

Jioni nilimpigia simu kaka yangu, mkubwa wetu, aliyebaki Bukavu. Akanikataza katakata nisimwambie mama. "Akijua atakata tamaa, afe wiki hii hii," akasema. Nikamwuliza habari ya kumrudisha nyumbani. Akasema kwanza amalize dawa. Nikamwambia hakuna dawa ya kumaliza. Laini ikakatika, au aliikata yeye.

Basi, tukatembea. Madamu mwenye saluni alinipa ruhusa ya mchana baada ya kuninunia siku nzima. Tulianza na bustani ya mimea, kule juu Berea, ambako mlangoni hawatozi kitu. Mama aliketi kwenye benchi akatazama miti mikubwa iliyopigiliwa vibao vya majina. Akauliza nani anavuna. Nikamwambia ni ya kutazama tu. "Watu wa hapa wana nafasi," akasema. Tulikula mkate na ndizi tulizotoka nazo nyumbani. Nilimwona anavyomeza kwa shida, nikageuka nikatazama maua.

Siku nyingine tulizunguka Morningside kuangalia nyumba za matajiri, hiyo nayo haina kiingilio, ingawa tuliona kuta na mbwa zaidi ya nyumba. Kisha tukapanda teksi hadi Bluff, kwenye kilima kinachotazama bahari, kutafuta nyangumi. Wakati wa baridi wanapita karibu, na kuwatazama ni bure. Tulikaa kwenye nyasi saa mbili, upepo unatuchapa. Hatukuona hata mkia. Mama alijifunika kitenge mpaka masikioni, akasema ziwa letu ni dogo lakini halimnyimi mtu cha kuona.

Eish, nilikasirika. Nilimwambia ajitahidi kufurahi kidogo, maana mimi nimeacha kazi kwa ajili yake. Akasema, "Pole, mwanangu, ninafurahi." Mpaka leo nikikumbuka siku ile, sijipendi.

Wiki ya pili nilimpeleka makumbusho, ghorofani katika jengo la manispaa. Kuingia ni bure, na ndani kuna joto. Kuna maiti ya Mmisri wa kale pale, amelala kwenye sanduku la kioo. Mama alisimama mbele yake muda mrefu.

"Huyu kwao wapi?"

"Misri, mama. Mbali."

"Na hapa anafanya nini?"

"Waliomnunua walimleta, nadhani."

"Hakukuwa na mtu wa kumrudisha?"

Nikacheka, nikamwambia watu wake wamekufa tangu zamani. Yeye hakucheka. Aliweka kiganja juu ya kioo, mlinzi akamkataza, akakiondoa. Ndipo akaniuliza, bila kunitazama, "Utaniambia lini?"

"Kukuambia nini, mama?"

Aliniangalia usoni. Nilijikaza kisabuni, nikatabasamu. "Sawa," akasema. "Twende tuone ndege." Chumba cha pili kilikuwa na ndege waliokaushwa, tukawaangalia wote, mmoja mmoja. Kituo cha mabasi yaendayo mpakani kilikuwa mwendo mfupi tu kutoka pale. Angeweza kupanda kesho yake.

Siku nane baadaye, nikiwa saluni na kichwa cha mteja mikononi, redio ikasema vita vimewaka tena upande wetu. Niliacha nywele nusu. Duka la simu lilikuwa limejaa Wakongomani, wanasukumana, na kila mtu anabonyeza namba ileile ya kwao isiyoita. Ya kaka haikuita. Mtu mmoja aliyetoka kuongea na ndugu zake wa Bujumbura alisema mipaka imefungwa, hakuna basi linaloingia.

Nilirudi chumbani. Mama alikuwa amekaa kitandani, amevaa viatu, tayari, kwa kuwa siku hiyo tulipanga kwenda kuona meli. Sikujua la kufanya, nikampeleka. Kwenye mdomo wa bandari kuna ukuta wa mawe wanapokaa wavuvi wa ndoano, na meli zinapita karibu unasoma majina yake. Tulikaa pale. Meli ya makontena ilipoanza kuingia nikamwambia yote: ini, miezi michache, maneno ya daktari kuhusu kwenda kwao, na sasa vita. Sikupunguza kitu.

Aliitazama meli mpaka yote ikapita.

"Miye nilijua palepale hospitali," akasema. "Wagonjwa wote walipewa karatasi ya siku ya kurudi. Miye nikapewa matembezi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilingoja wewe useme. Mgonjwa hajiambii." Akajifunga kitenge vizuri. "Tena nilikuwa nakuona unafurahi. Miaka minne sikukuona. Nikasema, acha anitembeze kidogo, halafu nitamwomba nirudi. Nilitaka kulala karibu na baba yenu, pale mlimani."

"Tutapata njia, mama."

"Usianze tena," akasema. Hakusema kwa hasira. Alinipa mkono nimwinue, miguu ilikuwa imeshaanza kumshinda.

Alikufa mwezi wa kumi, na njia ilikuwa bado imefungwa. Watu wa kanisa walinisaidia kumzika kwenye makaburi yaliyo juu ya mteremko. Ukisimama pale unaona maghala ya Clairwood na malori yanayoingia na kutoka. Maji huyaoni. Kaka nilimpata kwa simu baadaye sana. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mama alijua. Nikamwambia alijua tangu hospitali, na safari hii laini haikukatika, tulibaki tunasikilizana tunavyolia.

Kwa hiyo wageni wanakuja, nami nawatembeza. Bustani, Bluff, mawe ya bandarini. Makumbusho nawaingiza, mimi nawangoja kwenye ngazi. Tukimaliza nawaambia bado iko mahali pamoja, na hapo pia hawatozi. Wanadhani ni kitu cha kuona. Tunapanda teksi, tunapanda mteremko, nang'oa majani kaburini, wao wanasimama nyuma yangu wanatazama malori. Sijali. Sipendi kwenda peke yangu.