Manyoya Chini ya Cherehani

Nasimiyu Makhanu ameshona sare za shule kwa miaka ishirini na sita katika nyumba ileile ya vyumba viwili huko Kaptembwa, mjini Nakuru, na hajawahi kumrudishia mtu nguo yenye kasoro. Agosti iliyopita aliachiwa kitu ambacho hakujua kukipima.

Kilikuwa chinchila, mnyama mdogo wa kijivu mwenye masikio ya panya na mkia wa kindi. Jina lake Fancy. Jirani wa Nasimiyu, mwalimu Chepchumba, alikuwa akienda Eldoret wiki tatu kumuuguza mamake, pamoja na bintiye Natasha wa miaka kumi. Fancy alikuwa zawadi ya mwisho ya baba wa mtoto huyo, fundi wa mitambo katika shamba la maua Naivasha, aliyempata kwa meneja aliyekuwa akirudi kwao. Miezi miwili baadaye baba alifariki. Natasha, ambaye humwita Nasimiyu shosho, yaani bibi, alimkabidhi tundu la Fancy kwa mikono miwili, akaeleza chakula, akaeleza bakuli la mchanga laini ambamo Fancy hujigaragaza badala ya kuoga, kisha akaondoka akigeukageuka.

Kwa kuogopa paka wa jirani, Nasimiyu aliliweka tundu juu ya meza ya kazi, kando ya cherehani ya umeme, apate kulitazama kutwa. Bakuli la mchanga aliliondoa, maana vumbi lilitua kwenye mashati meupe.

Wiki ya pili aliona doa tupu ubavuni mwa Fancy, kubwa kama kifungo cha koti. Siku mbili baadaye lilikuwa kama kiganja cha mtoto. Natasha alipopiga simu, Nasimiyu alimwambia Fancy anakula vizuri. Ilikuwa kweli, lakini baada ya simu hiyo alishona kola mbili upande usiofaa.

Alikwenda agroveti, duka la dawa za mifugo. Mwenye duka, Gachanja, alisikia neno chinchila akatabasamu, kwa kuwa wafugaji wa hapa wakisema chinchila wanamaanisha aina ya sungura.

"Mathe, hiyo si ugonjwa. Iko na mimba. Inang'oa manyoya itengenezee watoto kitanda. Wekea sanduku na nyasi, ungoje."

"Na bwana ametoka wapi? Inakaa peke yake."

"Hiyo uliza yeye, mathe."

Nasimiyu alirudi na hofu mpya: amepewa mnyama mmoja, atarudisha wangapi? Aliweka sanduku, akangoja siku tatu, mguu kwenye pedali, macho kwenye tundu. Doa lilifika pajani.

Alhamisi aliokota manyoya sandukuni, akayainua dirishani kama anavyokagua uzi. Nywele iliyong'oka hutoka na mzizi. Hizi zilikuwa zimekatwa, ncha zote sawa, kana kwamba zimepita kwenye makasi. Fancy hakuwa akitandika kitanda. Alikuwa akijitafuna.

Alipiga simu mwenyewe.

"Natasha, Fancy anajitafuna manyoya. Nilikuficha. Wa agroveti anasema iko na mimba."

"Shosho, Fancy ni boy. Umemweka wapi?"

"Hapa mezani, karibu na mimi, nimuone."

"Karibu na mashini? Mchana ndio analala, shosho. Akikosa usingizi, akikosa mchanga wake, anajitafuna. Alijitafuna hivyo wakati wa matanga ya daddy, watu wakiwa wengi."

Nasimiyu alizima mashine shati likiwa nusu. Alihamishia tundu chumbani mwake, akashusha pazia, akarudisha bakuli, akafunga mlango. Ijumaa alikuta chini ya tundu manyoya ya kujaa kijiko. Jumamosi asubuhi alikuta nywele tatu, akaziacha palepale.

Jioni ile, wiki tatu zikiwa zimetimia, Natasha aliingia bila salamu, akapiga magoti mbele ya tundu. Doa lilikuwa bado wazi, la waridi. Nasimiyu alisimama mlangoni, tepu shingoni, asithubutu kukaa.

"Hizi tatu ni za leo?"

"Za leo."

"Na jana?"

"Nyingi."

Natasha alimtazama Fancy muda mrefu. Mnyama alikuwa amelala pembeni, mkia juu ya pua.

"Basi asihamishwe tena, shosho," alisema kwa sauti ya chini. "Wacha akae hapa kwako mpaka manyoya yaote."